Barua ya wazi kwa uongozi wa chuo kikuu: siku moja ya droni haiwafundishi wanafunzi wetu sayansi ya kompyuta

Kwa:
Makamu Mkuu wa Chuo,
Amidi wa Kitivo cha Sayansi,
Mkuu wa Idara ya Sayansi ya Kompyuta.

YAH: MPANGO WENU WA KUTEMBELEA SHULE ZA SEKONDARI

Waheshimiwa,

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari, mojawapo ya zile ambazo idara yenu huzitembelea ili kuwatambulisha wanafunzi kwa sayansi ya kompyuta. Jina la chuo sitalitaja. Nia yangu si kukichafua, na isitoshe walimu wenzangu wa shule nyingine wanasimulia mambo hayahaya kuhusu vyuo vingine. Nimekwisha kuwaandikia idarani. Nikajibiwa kwa adabu kwamba maoni yangu yamepokelewa na yatafanyiwa kazi. Nikakumbusha, jibu likawa lilelile. Nikaomba kikao, nikaelekezwa ofisi ya uhusiano, nayo ikanirudisha idarani. Msafara uliofuata ulipofika shuleni kwetu haukuwa na tofauti yoyote na uliotangulia. Hata ratiba ilikuwa ileile, tarehe tu ndiyo iliyobadilishwa. Kwa sababu hiyo leo naandika mbele ya watu wote.

Kwanza nawashukuru, na shukrani hii naitoa kwa moyo. Mngeweza kukaa chuoni mkawasubiri waombaji. Mnakuja, mnatuma vijana wenu, mnafunga vifaa vya thamani kwenye magari na kuvileta kwa watoto ambao wengi wao hawajawahi kuongea na mhadhiri hata mmoja. Ujio huo una maana kubwa kwetu, na ndiyo sababu inaniuma kuona unavyopotea bure. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi wenyeji bado hatujapona, na naomba mnisikilize nieleze kwa nini.

1. Mnaonyesha vifaa, somo lenyewe hamlifikii

Kila mnapokuja wanafunzi huona droni ikiruka, roboti ikikwepa viti, na miwani inayomwingiza mtu katika ulimwengu wa kubuni. Ukumbi unalipuka kwa shangwe. Kisha projekta inawashwa, zinaonyeshwa picha za majengo ya chuo, zinatajwa alama za kujiunga, na gari linaondoka. Kesho yake nawauliza darasani walijifunza nini. Wananieleza rangi ya roboti. Hakuna anayeniuliza roboti ilijuaje kwamba mbele yake kuna kiti, kwa sababu aliyeiendesha hakugusia jambo hilo.

Waheshimiwa, kumwonyesha mtoto droni ukasema umemtambulisha kwa sayansi ya kompyuta ni sawa na kumpiga picha mbele ya ndege ukasema umemfundisha urubani. Ninyi mnajua kuliko mimi kwamba somo hili halianzii kwenye chuma. Linaanzia kwenye swali: kazi hii inaweza kugawanywa katika hatua zipi, hatua hizo ni ngapi, na je, ipo njia yenye hatua chache zaidi?

Chukueni daftari lenye majina 1,000 yaliyopangwa kwa alfabeti. Ukilipekua jina baada ya jina, huenda jina unalolitafuta likawa la mwisho kabisa. Lakini ukifungua katikati, ukatupa nusu isiyohusika, ukafungua tena katikati ya nusu iliyobaki, hutaangalia zaidi ya majina 10. Sasa ongezeni majina yafike milioni moja. Wanafunzi wangu walidhani kazi ingeongezeka mara elfu. Walipohesabu wenyewe wakakuta ni majina 20 tu, darasa zima likaanza kubishana: inawezekanaje orodha ikue mara elfu halafu kazi iongezeke maradufu tu? Wapo waliobaki kuhesabu kengele ilipokwisha kulia. Siku hiyo darasani hapakuwa na kompyuta hata moja iliyowashwa.

Au chukueni mchezo wa kadi, ambao najua wahadhiri wenu wengi wanaufahamu. Mwanafunzi anapanga kadi 25 mezani, tano kwa tano, baadhi uso juu na baadhi uso chini, apendavyo. Mwalimu anaongeza safu moja ya wima na moja ya mlalo, kwa kisingizio cha kuufanya mchezo uwe mgumu, zinakuwa kadi 36. Kisha anageukia ukutani, na mwanafunzi mwingine anageuza kadi moja. Mwalimu anapotazama tena anaitaja kadi hiyo papo hapo. Watoto hushangaa kuliko walivyoishangaa droni, na wakishashangaa huwa wanadai siri. Nayo siri ni kwamba zile kadi za nyongeza ziliwekwa ili kila safu iwe na idadi shufwa ya kadi zilizolala uso juu. Ikigeuzwa moja, safu moja ya wima na moja ya mlalo zinabaki na witiri, na pale zinapokutana ndipo kadi ilipo. Humo ndimo wanapoonja wazo la namna kompyuta inavyogundua biti (yaani ile 0 au 1 inayobeba taarifa) iliyoharibika njiani na kuirekebisha bila kuomba itumwe upya. Richard Hamming wa maabara ya utafiti ya Bell Labs, Marekani, alichapisha kazi yake juu ya misimbo ya kurekebisha makosa mwaka 1950, na mtoto wa sekondari anaweza kuufikia mlango wa wazo hilo kwa kadi na dakika 20.

Mchezo huo sikuutunga mimi. Umo katika mkusanyiko uitwao Computer Science Unplugged, ulioanza miaka ya 1990 kwa kazi ya Tim Bell wa Chuo Kikuu cha Canterbury, New Zealand, pamoja na Ian Witten na Mike Fellows. Waliouandaa ni wahadhiri wa vyuo vikuu, watu kama ninyi, waliojiuliza kitu gani cha fani yao kinaweza kumfikia mtoto asiye na mashine, wakaona kwamba kile kilicho muhimu kuliko vyote kinaweza. Hata kabla yao, mwaka 1967, Seymour Papert, Wally Feurzeig na Cynthia Solomon waliunda lugha ya Logo ili watoto waandike programu wao wenyewe, enzi ambazo kompyuta zilikuwa mashine za maabara na watu wachache sana ndio walioruhusiwa kuzigusa. Hakuna kati yao aliyewaita watoto waje kutazama tu.

2. Mnawachagua waliokwisha kuchaguliwa

Barua yenu kwa shule huomba wanafunzi wachache "wanaofanya vizuri katika hisabati na wenye kupenda teknolojia". Mkuu wa shule anafanya alichoombwa, anateua majina. Majina hayo huwa ni ya watoto ambao nyumbani wana kompyuta mpakato, wengi wao wavulana, na tayari wanajua kwamba chuo kikuu ni chao. Waliobaki wanachungulia dirishani. Nimemkuta msichana mmoja dirishani hapo, anayenisumbua kwa maswali kila kipindi, nikamuuliza kwa nini hakujiandikisha. Akasema, "Mwalimu, si walisema wanaopenda kompyuta? Mimi kwetu hatuna." Alichukua kutokuwa nayo na kutoipenda kuwa kitu kimoja. Na ni tangazo lenu lililomfundisha hivyo.

Hapa ushahidi upo, na si mgeni kwenu. Katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, wanawake walikuwa asilimia 7 ya walioanza shahada ya sayansi ya kompyuta mwaka 1995. Mwaka 2000 walikuwa asilimia 42. Jane Margolis na Allan Fisher waliwahoji wanafunzi wa hapo kwa miaka kadhaa, wakaona kwamba wavulana wengi walifika wakiwa wamezichezea kompyuta tangu utotoni, na wasichana walipojilinganisha nao walidhani wao hawafai, ingawa walifaa. Chuo kikaacha kuchukulia uzoefu wa kuandika programu kama dalili ya kipaji wakati wa kudahili, kikafungua njia tofauti za kuanzia masomo kulingana na uzoefu wa mtu, na, jambo ambalo nawaomba mlisome mara mbili, kikawapa mafunzo walimu wa sekondari wakati wa likizo. Somo halikurahisishwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Mabango yenu nayo yana la kusema. Wote waliochorwa pale kama waasisi wa fani ni wanaume. Waliopanga programu za ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza kabisa, miaka ya 1940 walikuwa wanawake sita. Kuongeza bango moja ni kazi ya mchana mmoja.

3. Mnampita mwalimu

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nalo nitalieleza kwa kirefu.

Mkifika shuleni mnasalimiana na mkuu wa shule, mnakabidhiwa ukumbi, na mimi napewa kazi ya kutafuta waya wa umeme na kuwanyamazisha watoto. Hakuna aliyewahi kuniuliza mada niliyofikia, wala kinachowashinda wanafunzi wangu, wala mashine zinazofanya kazi ni ngapi. Msafara mmoja uliwafundisha wanafunzi vitanzi vya marudio, yaani amri zinazojirudia, katika lugha ambayo mtaala wetu hauitumii, wiki mbili kabla hatujafika kwenye vitanzi. Niliporudi darasani ilinibidi nianze kwa kufuta mkanganyiko.

Nawaeleza hali ya mwalimu wa kompyuta ilivyo. Wengi wetu tulisomea kitu kingine: hisabati, fizikia, hata jiografia. Tulipewa somo hili kwa sababu tulionekana tunaweza kuwasha projekta. Tumejifunza usiku, kwa kujisukuma. Tunaweza kumfundisha mtoto kupanga jedwali na kuandika programu fupi, lakini mtoto akiuliza kwa nini programu yake inakwama data zikiwa nyingi, wengine wetu hatuna jibu, na hatuna wa kumpigia simu. Mtu mwenye jibu yuko kwenu. Anapita uwanjani kwetu mara moja kwa mwaka akiwa ameshika rimoti ya droni.

Uingereza wanalo funzo. Januari 2012 taasisi ya wanasayansi ya Royal Society ilitoa ripoti kali kuhusu ufundishaji wa kompyuta mashuleni, na Septemba 2014 England ikaanza mtaala mpya ambamo hata watoto wadogo wanajifunza algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, na programu. Mtaala ulikuwa mzuri. Miaka mitatu baadaye, ripoti nyingine ya taasisi hiyohiyo ikakuta zaidi ya nusu ya shule za England hazitoi kabisa mtihani wa sayansi ya kompyuta wa wanafunzi wa miaka 16, na walimu wengi hawajioni kuwa wameandaliwa kufundisha sehemu ngumu za somo. Ndipo mwishoni mwa mwaka 2017 serikali ikaahidi pauni milioni 84, sehemu kubwa ikilenga kuwaandaa walimu. Nchi tajiri, yenye vyuo vinavyoongoza duniani katika fani hii, ilitunga mtaala kwanza ikamkumbuka mwalimu baadaye, na gharama yake ikaiona. Ninyi mna nafasi ya kumkumbuka mwalimu kwanza, kwa gharama ndogo mno kuliko hiyo.

Hebu pigeni hesabu. Mhadhiri mmoja akikaa na wanafunzi 40 ukumbini kwa saa tatu, amewafikia 40. Saa tatu hizohizo akikaa na walimu 15, kila mmoja atarudi kwenye madarasa yake, mwaka huu, mwakani na mwaka utakaofuata. Kwa watu wanaofundisha wengine kulinganisha njia mbili za kufanya kazi ileile, nashangaa jinsi hesabu hii ilivyopuuzwa.

4. Hamwachi kitu cha kuendelea nacho

Akaunti mlizowafungulia wanafunzi kwenye tovuti ya mazoezi zilikufa muda wa majaribio ulipokwisha. Mazoezi yenyewe yanahitaji intaneti ya kasi ambayo hatuna. Wanafunzi waliokuwa wameanza kuandika mchezo wao mdogo walirudi wakakuta hawawezi kuufungua, na mmoja aliniuliza kama ni kosa lake.

Jambo hili lina tiba nyepesi. Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa mwaka 2007 na watafiti wa MIT Media Lab, Marekani, ni ya bure na ina toleo linalofanya kazi kwenye kompyuta isiyo na intaneti. Lugha ya programu ya Python ni ya bure vilevile. Maswali ya shindano la Bebras, lililoanzishwa Lithuania mwaka 2004 na Valentina Dagienė na sasa linafanyika katika nchi zaidi ya 50, ni mafumbo mafupi ambayo mwanafunzi huyatatua kwa kufikiri tu, bila kujua lugha yoyote ya programu. Katika Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, Paul Curzon na Peter McOwan walianzisha mwaka 2005 jarida la sayansi ya kompyuta lililochapwa kwenye karatasi na kusambazwa mashuleni bure. Jarida la karatasi! Mtoto analikunja, anaondoka nalo, anamsomea mdogo wake. Ninyi mlituachia fulana na kalamu zenye nembo ya chuo.

5. Picha za wanafunzi

Kwa kifupi: mlipiga picha za wanafunzi wetu wakiwa wamevaa ile miwani, kisha nikazikuta kwenye tangazo la kuvutia waombaji. Wazazi hawakuombwa ruhusa. Wengi wa watoto hao hawajafikisha miaka 18. Idara inayofundisha somo la maadili ya data haikupaswa kukumbushwa jambo hili na mwalimu wa sekondari.

6. Mnapima idadi ya vichwa

Taarifa yenu ya mwaka inahesabu "wanafunzi waliofikiwa". Idadi ni kubwa na inapendeza, lakini kufikiwa ni nini? Mtoto aliyekaa nyuma ya ukumbi asione chochote amehesabiwa sawa na yule aliyeandika programu ya kwanza maishani mwake. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni vichwa, mpango wenu umejipinda kuelekea vichwa: kumbi kubwa, shule nyingi, kituo kifupi kila mahali, hakuna kurudi. Siwalaumu vijana waliotumwa. Walipewa kipimo hicho nao wakakitimiza.

Sasa, najua mtakavyojibu, kwa sababu baadhi ya majibu nimeshayasikia.

Mtasema hakuna bajeti. Lakini hakuna ninachokililia hapa kinachohitaji pesa zaidi ya zile mnazotumia. Kadi, daftari, kamba, chaki na mtu anayelijua somo lake ni nafuu kuliko kusafirisha roboti.

Mtasema wahadhiri hupandishwa cheo kwa machapisho ya utafiti, na saa za kukaa na walimu wa sekondari hazihesabiwi popote. Hili ni kweli, na ninamhurumia mhadhiri kijana anayependa kuja lakini anajua kila safari inamchelewesha. Ndiyo maana barua hii nimemwelekezea pia Makamu Mkuu wa Chuo. Kanuni za kupandisha vyeo haziandikwi na mhadhiri kijana.

Mtasema shule hazina kompyuta. Zinazo chache, na nyingine hazina kabisa, na nimeshaeleza kwamba mlango wa somo hili unafunguka bila mashine. Sisemi mashine hazihitajiki. Mtoto lazima hatimaye aandike programu, aione ikikataa, aitafute hitilafu mwenyewe. Lakini kuzisubiri ndipo tuanze ni kuwapoteza watoto walioko madarasani sasa.

Mtasema, na hili ndilo jibu jipya, kwamba akili unde inaandika programu yenyewe, kwa hiyo mnafikiria kubadilisha ziara ziwe za kuonyesha namna ya kuitumia. Tangu ChatGPT itolewe Novemba 2022 wanafunzi wangu hawahitaji kuonyeshwa namna ya kuitumia, wananionyesha mimi. Wasichokijua ni kinachofanyika ndani yake, na kwa nini inaweza kutoa jibu la uongo kwa ufasaha uleule inaotolea jibu la kweli. Mwanafunzi anayeletewa na mashine mistari 50 ya programu anahitaji uwezo mkubwa zaidi wa kuisoma, kuitilia shaka na kuijaribu. Nani atampa uwezo huo kama si watu wa fani hii?

Na mtasema, labda kwa sauti ya chini, kwamba lengo la ziara ni kupata waombaji wazuri. Sina ugomvi na lengo hilo. Walimu wa Cambridge, Uingereza, walipoona waombaji wa sayansi ya kompyuta wanapungua na wanafika wakijua kidogo kuliko waliotangulia, Eben Upton na wenzake walihangaika mpaka wakatoa Raspberry Pi mwaka 2012, kompyuta ndogo ya bei ya chini ambayo mtoto anaweza kuichezea bila kuogopa kuiharibu. Walitaka waombaji, sawa na ninyi, wakaona njia ya kuwapata ni kumpa mtoto kitu cha kufanya miaka kadhaa kabla ya siku ya kuomba.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, naomba yafuatayo, na ninayaomba kwa niaba ya wanafunzi wangu na ya walimu walionituma niyaseme.

Punguzeni idadi ya shule mnazozitembelea, na mrudi katika zilezile angalau mara moja kila muhula kwa miaka miwili. Mwanafunzi aliyeshindwa kwenye ziara ya kwanza awe na ziara ya pili ya kuuliza. Shule zichaguliwe kwa uhitaji, na wanafunzi waingie kwa darasa zima bila uteuzi wa wenye alama za juu. Darasa likiwa kubwa mno, ligawanywe kwa kura.

Fungueni mafunzo ya walimu wakati wa likizo, yenye cheti kinachotambuliwa na chuo, na mtupe mtu mmoja idarani ambaye mwalimu akikwama anaweza kumwandikia na kujibiwa. Kabla ya kila ziara, mtu huyo azungumze na mwalimu wa somo kuhusu mada iliyofikiwa.

Wanafunzi wenu mnaowatuma waandaliwe. Wana moyo, nimeona, lakini hawajafundishwa kueleza jambo kwa mtoto wa miaka 14, na wakikwama hukimbilia istilahi. Kazi hiyo iwe sehemu ya masomo yao, yenye alama, na waifanye kwanza mbele ya mwalimu wa sekondari. Mtapata faida mara mbili, kwa sababu mwanafunzi wa shahada asiyeweza kumweleza mtoto algoriti ya kupanga namba huenda yeye mwenyewe hajaielewa.

Kila kinachoachwa shuleni kiweze kutumika bila intaneti na bila akaunti inayokufa, na kiwe ni mali ya shule.

Ondoeni kwenye matangazo picha zote za watoto ambazo hazina ridhaa ya mzazi. Hili halihitaji kikao. Linawezekana leo.

Badilisheni kipimo. Acheni kuuliza ni wangapi walihudhuria. Ulizeni, miezi sita baadaye, ni wangapi bado wanaandika programu, ni walimu wangapi wanafundisha mada ambayo zamani waliiruka, ni wasichana wangapi wamechagua somo hili. Majibu yachapishwe hata yakiwa mabaya. Na saa za mhadhiri anayefanya kazi hii ziingie katika kanuni za kupandisha vyeo.

Naomba jibu la maandishi, lililo wazi kama barua hii ilivyo, kabla ya msafara wenu ujao kupangwa. Kama kuna ombi mnaloona haliwezekani, elezeni ni lipi na kwa nini, tulijadili. Niko tayari kuja chuoni siku yoyote mtakayonipangia, na walimu wengine watatu wa shule jirani wamekubali kufuatana nami. Tutakuja na mpango wa vipindi vya muhula mzima tulioandaa pamoja, wenye nafasi zilizoachwa wazi kwa ajili ya wahadhiri wenu.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa kompyuta, shule ya sekondari

Nakala: Mratibu wa ziara za shule, Idara ya Sayansi ya Kompyuta
Mkuu wa shule
Kamati ya wazazi
Chama cha wanafunzi wa sayansi ya kompyuta chuoni